Nati Iliyolala

Asubuhi ile Fanueli alipotumwa Raskazone, pwani ya Tanga, kubadilisha pampu ya petroli, mkewe Yudith ndiye aliyebeba kisanduku cha spana kichwani. Fanueli alitangulia hatua mbili mbele, amekumbatia boksi la pampu mpya, anatembea katikati ya njia kama mtu asiye na wasiwasi. Kila walipokaribia mtaro au jiwe, Yudith alikohoa. Kikohozi kimoja kushoto, viwili kulia. Watu wa Chumbageni waliopishana nao walijua kuwa fundi Fanueli anaumwa mgongo, hawezi tena kubeba vizito, na wapo waliomsifu mkewe kwa kumsitiri.

Mgongo wa Fanueli haukuwa na kitu. Macho ndiyo yaliyokuwa yakimwacha. La kushoto lilikuwa limezimika kabla ya Krismasi. La kulia lilibaki na tundu dogo katikati, hata akikutazama usoni huona pua yako lakini masikio hayaoni, na hata tundu hilo lilikuwa likijaa ukungu. Daktari wa hospitali ya serikali alimwambia ugonjwa uko nyuma ya jicho, hauna miwani wala dawa, na utazidi. Jambo hilo alilijua daktari, alilijua Fanueli, alilijua Yudith. Bwana Damji, mwenye gereji, hakuambiwa.

Ndani ya gereji mambo yalikwenda. Miaka kumi na tisa amefanya kazi chini ya paa lile, na kila kitu alikijua kilipo. Vidole vyake viliweza kufungua kabureta na kuifunga huku anazungumza na mtu mwingine. Taabu ilikuwa kazi za nje, kwenye magari ya watu, chini ya boneti zenye giza. Huko ndiko Yudith alikokuwa akienda naye. Alijifunza majina ya vyuma kama mtoto anavyojifunza katekisimu. Alisimama karibu, akijifanya anashika spana, na kumnong'oneza mumewe kwa Kishambaa chao cha Bumbuli ili asisikike. Nati ikiingia sawa, alisema imesimama. Ikiingia upande, alisema imelala. Kazi tatu walikuwa wamezifanya hivyo na hakuna aliyeshtuka.

"Ya leo ni ndogo," Fanueli alimwambia njiani. "Boliti mbili na mabomba mawili. Pampu inakaa ubavuni mwa injini, inanyonya petroli kutoka nyuma na kuisukuma mbele. Hii ya zamani imechoka ngozi yake ya ndani. La kuogopa ni zile nati za mabomba. Za shaba, laini. Ukiianza upande, inakwenda vilevile na kukaza vilevile. Unadhani umefunga, kumbe umeumiza meno yake."

"Nitaitazama, Baba Beatrisi."

"Itazame kabla sijatia spana. Nikishatia spana umechelewa."

*

Gari lilikuwa la bibi mmoja wa Kizungu, mjane wa meneja wa shamba la mkonge, aliyekaa peke yake katika nyumba ya mwisho kabisa upande wa bahari. Watu walimwita Bibi wa Mwisho. Motokaa yenyewe ilikuwa nyeusi, ya kabla ya vita, na mumewe ndiye aliyeinunua. Kwa hiyo hakutaka kusikia habari ya kuiuza. Ilikuwa imekufa bandani mwake wiki mbili, ikingoja pampu iliyoagizwa Mombasa.

Bibi alitoka barazani akiwa na kofia mkononi. Alipomwona Yudith anainama kushusha kisanduku, uso ukambadilika.

"Huyu nani?"

"Mke wangu, memsaabu. Ananisaidia vyombo."

"Mwanamke kubeba chuma yote hii kichwa yake? Kutoka mjini?" Alimgeukia Fanueli. "Wewe mwanamume mzima na mkono mbili. Huna haya?"

Fanueli alitazama chini. "Mgongo, memsaabu."

"Mgongo!" Bibi akamshika Yudith bega kwa upole, kama mtu anayemwokota aliyeanguka. "Mama, toka kwa jua. Nenda jikoni, kaa, kunywa chai. Uweso! Mpe huyu mama chai na mkate."

Yudith alisema hana kiu. Alisema yeye amezoea, atasimama tu hapo kivulini. Bibi alicheka kwa huruma na kumsukuma taratibu kuelekea mlango wa nyuma. Yudith alimtazama mumewe, na mumewe, asiyeweza kuona kama anatazamwa, alikuwa tayari anapapasa ukingo wa boneti.

Mpishi Uweso alikuwa mtu mzima wa makamo ya baba yake, kofia ya kushona kichwani, aproni nyeupe kifuani. Yudith akampa shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Keti hapo. Bibi akishasema chai, ni chai, hata kama waumwa tumbo."

Alimmiminia chai ya tangawizi katika bilauri, akamkatia mkate alioutoa mwenyewe kwenye tanuri alfajiri. Yudith alikunywa bila kuisikia ladha. Kupitia dirishani alisikia spana ikigonga chuma. Kisha kimya. Kisha ikagonga tena. Alinyanyuka, akachukua kikombe cha maji akasema anampelekea mumewe. Bibi alikuwa ameweka kiti chake mbele ya banda, anafuma sufu.

"Mwache fanye kazi," alisema, akakipokea kile kikombe na kukiweka chini. "Wewe pumzika."

Fanueli alikuwa ameinamia injini, mikono yote miwili imezama ndani, uso ameugeuzia ukutani. Yudith akarudi jikoni.

"Mumeo hodari," Uweso alimwambia. "Watu wa gereji wengine hupiga kelele, hutukana chuma. Yeye afanya kazi kama anayesali."

Haikupita saa gari likanguruma. Bibi wa Mwisho alipiga makofi kama msichana. Alimpa Fanueli shilingi mbili juu ya ujira wa gereji, na kumpa Yudith kipande cha sabuni ya kunukia kilichofungwa kwenye karatasi.

Waliporudi, Fanueli alikuwa na furaha ambayo Yudith hakuwa ameiona tangu Krismasi. Alitembea haraka hata mkewe akashindwa kukohoa kwa wakati.

"Kwa vidole tu, Mama Beatrisi. Umesikia lilivyowaka? Vidole vitupu."

"Na nati?"

"Zimesimama."

"Zote mbili?"

Alipunguza mwendo. "Ya pili ilikuwa ngumu. Shaba mpya, ndivyo ilivyo."

Yudith alisimama. Kisanduku kilikuwa kinamlemea, na nyuma yao nyumba ya mwisho ilikuwa bado inaonekana. Alitaka kusema turudi nikaitazame. Lakini kurudi kulitaka sababu, na sababu yenyewe ndiyo iliyokuwa haisemeki. Akakiweka kisanduku sawa juu ya kata yake, akaendelea kutembea.

*

Siku ya nne, saa nane mchana, Fanueli alirudi nyumbani wakati ambao fundi harudi. Bi Mwatum, mwenye nyumba, alikuwa uani anakuna nazi. Alimwuliza mbona mapema. Fanueli alimpita tu. Aliingia chumbani na kukaa kitandani na viatu vyake.

"Gari la Bibi wa Mwisho limeungua jana," alimwambia mkewe.

Yudith aliuliza jambo moja tu. "Na mtu?"

"Mpishi. Mikono."

Alisimulia alivyosikia gereji. Bibi alikuwa ameliwasha gari aende mjini, akaliacha linanguruma, akaingia ndani kuchukua mkoba. Uweso alikuwa anapakia vikapu. Moshi ukatoka mbele. Mzee wa watu akachota mchanga, akainua boneti kwa mikono mitupu autupe, na moto uliokuwa umejibana mle ndani ukamrukia. Bibi alipotoka alimkuta Uweso anagaagaa kwenye majani na motokaa ya marehemu mumewe inateketea. Akaja jirani, Mzungu mwenziwe, akasema yeye amekwisha kuwaona mara nyingi wapishi wakivuta sigara karibu na magari. Bibi akalishika hilo.

"Bwana Damji kalivuta gari mpaka gereji. Kaniita mbele ya watu wote. Fanueli, tia mkono, sema nini kimeleta moto. Nikatia. Mpira umekuwa majivu, lakini shaba imebaki. Nikaishika ile nati ya pili." Aliinua kidole gumba hewani, akakiinamisha upande. "Imelala, Yudith. Nimeipitisha ukucha pande zote. Meno yameliwa nusu. Petroli ilikuwa inadondoka juu ya bomba la moshi siku zote tatu."

"Ukamwambia?"

"Bwana Damji akanitangulia. Akasema, sigara, siyo? Watu wote wananitazama. Nikasema, huenda."

Chumba kilikuwa kidogo, na neno lile lilikaa katikati yao. Yudith akachukua ufagio akaanza kufagia mahali palipokwisha kufagiwa.

"Huenda si uongo," alisema baadaye.

"Bwana Damji amemwandikia Bibi barua. Fundi wangu mkubwa amekagua, ameona ni sigara. Mzee yule amefukuzwa kazi akiwa kitandani. Mkewe katolewa nyumba ya watumishi na vyombo vyake."

"Angefukuzwa kwa vyovyote. Mpishi aliyeungua mikono wa kazi gani?"

Aliyasikia maneno yake mwenyewe yakitoka. Lakini alikuwa amekwisha kuanza, na hofu ilimsukuma mbele. "Na wewe ukisema, utasema nini? Kwamba huoni? Kesho nani atampa kipofu spana? Beatrisi yuko darasa la tatu. Tutamwambia mama yako nini, kwamba tumerudi mlimani mikono mitupu atulishe yeye?"

Neno kipofu halikuwa limewahi kutamkwa ndani ya chumba kile. Fanueli aligeuza uso kidogo, kama mtu aliyepigwa na upepo.

"Kama ningekuwepo pale," Yudith alisema, sauti imeshuka.

"Hukuwepo."

"Nilikuwa nakunywa chai."

*

Kesho yake Bi Mwatum alileta mgeni. Alikuwa mwanamke mnyamavu wa kimo kifupi, na bunda la nguo limefungwa kwa shuka. "Huyu Tabia, dada yangu wa kwetu Wete," aliwaambia wapangaji wake. "Mumewe ndiye yule mpishi aliyeungua. Atalala kwangu mpaka Mungu atakapofungua njia." Akampa chumba kilichopakana na cha Fanueli. Ukuta ulikuwa wa udongo. Yudith alimsikia Tabia akiamka kusali alfajiri, akipuliza moto wa kupikia uji wa mgonjwa, na kila sauti ilimwingia kama mchanga jichoni.

Siku tatu alijikwepesha. Akienda kisimani aliangalia kwanza kama Tabia hayupo. Siku ya nne Bi Mwatum akamsimamia mlangoni.

"We Yudith, si ulikunywa chai ya yule mzee? Mwenyewe kamwambia mkewe, mke wa fundi alikuja jikoni kwangu, binti mwenye adabu. Watu wa nyumba moja hawatazamani tu. Chukua hiyo sufuria ya uji, twende hospitali."

Hakuwa na udhuru. Akabeba uji.

Uweso alilazwa kitanda cha mwisho kwenye wodi ya wanaume, karibu na dirisha. Mikono yake ilikuwa imefungwa bendeji mpaka juu ya viwiko, imelazwa juu ya blanketi kama vitu visivyo vyake. Kofia yake ilikuwa kichwani. Tabia alikaa ukingoni, anampoza uji kwa kijiko na kumtilia kinywani, na uliomwagikia kidevuni anaupangusa kwa upindo wa kanga. Mzee alikuwa anaona haya kulishwa mbele ya wageni. Alimeza haraka haraka ili uishe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja! Tabia, mpishe akae." Alijaribu kusogea, akakunja uso kwa maumivu. "Mumeo hajambo? Mgongo waendeleaje?"

"Hajambo," Yudith alisema.

"Alhamdulillahi." Kisha akashusha sauti. "Mwanangu, mimi tumbaku siijui hata ladha yake. Kifua changu kibovu tangu utoto, moshi wa kuni wenyewe wanisumbua. Miaka kumi na mmoja bibi anijua. Hajapata kunikuta na sigara hata moja. Lakini nimelala hapa, na wao wamekwisha kusema. Kazi ni riziki, yaja na yaenda, sililii. Nalilia kuitwa mchomaji. Nikitoka hapa, nani ataniingiza jikoni mwake?"

Tabia aligonga kijiko ukingoni mwa bakuli, taratibu, asimtazame mtu.

"Mumeo ni fundi," Uweso akaendelea. "Yeye mtu wa haki, nilimwona. Nakuomba umwulize kitu kimoja tu. Gari laweza kuwaka bila sigara? Basi. Akisema haliwezi, nitajua labda palikuwa na mtu mwingine, mimi sikumwona. Akisema laweza, moyo wangu utatulia."

Yudith alihisi macho ya Bi Mwatum upande mmoja na ya Tabia upande wa pili.

"Nitamwuliza, baba," akasema.

Aliporudi nyumbani alimkuta Fanueli amekaa kizingitini, anasugua mikono yake kwa mafuta ya taa kama kila jioni. Hakungoja hata kuvua ushungi.

"Mzee Uweso anauliza kama gari linaweza kuwaka bila sigara."

Fanueli aliacha kusugua.

"Ananiuliza mimi nikuulize wewe. Kwa sababu wewe mtu wa haki." Akaketi chini kando yake, na kilio alichokizuia wodini na njia nzima kikamshinda. "Nenda ukaseme, Baba Beatrisi. Mimi ndiye niliyekuzuia. Nenda ukaseme, nitakupeleka."

*

Walikwenda asubuhi. Safari hii hapakuwa na kisanduku kichwani, na Yudith alimshika mumewe mkono mbele ya watu. Waliopishana nao waligeuka kuwatazama.

Barazani kwa Bibi wa Mwisho palikuwa na makasha ya mbao na nyasi za kufungia vyombo. Yeye mwenyewe alikuwa amekonda. Aliwasikiliza akiwa wima, kitambaa mkononi.

"Memsaabu," Fanueli alianza, "moto ule si wa Uweso. Ni wangu. Nati ya bomba niliifunga upande, petroli ikawa inavuja. Nimeishika mwenyewe baada ya moto, nikajua. Bwana Damji aliponiuliza, nikaogopa."

"Wewe fundi mkubwa. Damji alisema, fundi mkubwa kabisa."

"Nilikuwa. Sasa sioni, memsaabu. Hata hivi sijui kama umekaa au umesimama."

Bibi akamsogelea. Aliinua mkono wake taratibu, akaupunga mbele ya uso wa Fanueli, karibu kabisa, kama mtu anayefukuza nzi. Fanueli hakupepesa. Yudith aliyaona yote, na hakumwambia mumewe kilichokuwa kinafanyika.

"Kwa nini hukusema?" bibi akauliza, sasa kwa sauti ndogo. "Kwa nini hukusema siku ile?"

"Ningesema, usingenipa gari."

Yudith alingoja mumewe aendelee. Alingoja aseme, mke wangu ndiye aliyekuwa macho yangu, na wewe ulimpeleka jikoni. Hakusema. Bibi alikaa juu ya kasha moja, akazungusha uzi uliochomoza kwenye kitambaa kidoleni mwake mpaka kidole kikawa cheupe. Mwishowe alisema mwezi ujao anarudi kwao Ulaya, nyumba imekwisha kupata mtu, hana tena jiko la kumrudishia Uweso. Lakini ataandika barua. Barua nzuri. Akasema hilo mara mbili.

Njiani Yudith akamwuliza, "Mbona hukumwambia kuwa alinifukuza pale?"

"Angejuaje? Sisi ndio tuliokuwa tunaficha."

Kwa Bwana Damji hawakukaa. Alikuwa amekwisha kupigiwa simu. Alimwita Fanueli mwongo mbele ya mafundi wote, akampigia meza, akauliza ni magari mangapi mengine mjini yanangoja kuwaka. Fanueli aliziweka spana za gereji mezani moja moja, akitaja namba ya kila moja kwa kuipapasa, asije akadaiwa. Alipofika ya mwisho, Bwana Damji alikuwa amewapa mgongo. "Miaka kumi na tisa," alisema akiuelekea ukuta. "Nenda, Fanueli. Nenda tu."

Nyumbani habari ilitangulia kufika. Tabia alikuwa uani. Yudith alimsalimu na hakuitikiwa, siku ile wala zilizofuata. Usiku ule na kila usiku uliofuata, upande wa pili wa ukuta haikusikika sala tu, bali kilio pia. Baada ya wiki tano Bi Mwatum alimwita Yudith pembeni, akavuta maneno kwa shida.

"Mimi siwafukuzi. Lakini Tabia yumo humu, na ninyi mmo humu, na ukuta wenyewe ndio huu. Mimi niseme nini, mwanangu?"

Waliamua kurudi Bumbuli. Godoro waliliuza, na meza, na taa ya chemni. Garimoshi la kwenda Mombo lilikuwa la Jumamosi.

*

Ijumaa, baada ya swala, Uweso alitoka hospitali. Alikuja kumchukua mkewe. Kaka yake Tabia alikuwa amewaita Pemba. Aliingia uani polepole, amevaa kanzu safi. Bendeji hazikuwepo tena. Mkono wa kulia ulikuwa na kidole gumba na kimoja cha pembeni, vingine vilikuwa vimekatwa. Wa kushoto ulikuwa mzima kwa hesabu, lakini umejikunja kwa ndani na ngozi yake mpya inang'aa, wala haukunjuki.

Alivua makubadhi yake mlangoni kwa kusukumiza mguu kwa mguu, akaingia moja kwa moja chumbani kwa Fanueli. Hakuwa amepiga hodi. Fanueli alikuwa amekaa juu ya mzigo uliofungwa kamba, na Yudith akasimama.

"Ni mimi, Uweso."

"Karibu, mzee." Fanueli alinyanyuka, akakosa pa kuweka mikono. "Mzee Uweso, mimi..."

"Nimesikia. Bibi alikuja wodini akaniambia mwenyewe." Sauti yake haikuwa kali. Haikuwa na kitu chochote. "Sikuja kwa hilo. Nina barua yangu, ameniandikia Kizungu. Imo mfukoni. Sijui kusoma. Nimetaka uisome wewe."

"Sioni, mzee."

"Najua huoni. Mkeo aona, nami sasa najua kwa nini siku ile hakutaka kukaa jikoni kwangu. Someni wote wawili, kama mlivyokuwa mkifanya kazi."

Yudith alimsogelea, akatia vidole katika mfuko wa kifuani wa ile kanzu, akatoa bahasha. Yeye Kizungu hakukijua, ila herufi alizijua. Fanueli alikisoma shule ya misheni na kukiendeleza katika vitabu vya magari. Basi Yudith akaanza kutaja herufi moja moja, kwa sauti ya chini, na Fanueli akaziunga, akalipata neno, akaliweka pembeni mpaka sentensi ikatimia, ndipo akaisema kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi ndefu. Uweso alisimama muda wote, kichwa amekiinamisha kama anayesikiliza hotuba.

"Uweso amekuwa mpishi wangu kwa miaka kumi na mmoja," Fanueli alisema. "Ni mwaminifu na msafi. Hanywi pombe. Havuti sigara."

"Rudia hapo."

"Havuti sigara."

"Endelea."

"Moto ulioteketeza motokaa yangu haukuwa kosa lake, na alijaribu kuuzima." Yudith akaendelea kutaja herufi, Fanueli akiunga. "Hakuna mpishi Tanga nzima anayemshinda kwa mkate na kwa samaki."

Yudith alitaja herufi za mstari mwingine, na wa mwisho. Fanueli alinyamaza.

"Basi?" Uweso aliuliza.

"Basi. Chini ni jina lake."

"Kuna ulichobakisha. Mkeo amefika mwisho wa karatasi, wewe hujafika."

Fanueli akaisema. "Anasema, nampendekeza kwa moyo wangu wote kwa nyumba yoyote inayohitaji mpishi. Aanze kazi hata kesho."

Uani Bi Mwatum alikuwa anaagana na Tabia kwa vilio vidogo. Uweso aliitikia kwa kichwa mara kadhaa.

"Barua nzuri," alisema. "Irudishe."

Yudith aliikunja kwa mistari yake ileile, akaitia bahashani, akaitia mfukoni. Mfuko ulikuwa na kifungo, akakifunga. Mzee aliupapasa kwa kifundo cha mkono kuhakikisha imo, akatoka bila kuaga.

Fanueli alibaki amesimama, sikio ameligeuzia mlangoni.

"Wamekwenda?"

Yudith alikuwa anatazama uani. Tabia alikuwa ameweka bunda lake chini, amepiga magoti vumbini mbele ya mumewe, anauinua mguu mmoja na kuupangusa.

"Bado," alisema. "Mkewe anamvisha viatu."